Msumeno Ungoje Hadi Juni

Mvua za masika zimekwisha kuanza. Jinja huja alfajiri, kwa radi kutoka upande wa ziwa, watu wangali vitandani. Mbale huja alasiri, zikishuka kutoka Mlima Elgon na kuyafunika majabali ya Wanale mpaka mgeni asiweze kuonyesha kwa kidole mlima uko wapi. Kazi yetu hutupeleka na kuturudisha kati ya miji hiyo miwili, na katika kila mmoja tumepata kuwa na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Si shamba, ni bustani ya mboga tu, ya hatua ishirini kwa kumi na tano, lakini yatosha kumtoa mtu nje na jembe kabla hajanywa chai.

Wenzetu wa Ulaya wana majira yao ambayo miti huchipua baada ya baridi, na washairi wao hawajachoka kuyasifu. Sisi tukaao karibu na Ikweta hatuna baridi ya kuagana nayo. Tuna vumbi la Januari na Februari, kisha siku moja tuna tope. Mchicha, ambao huku twauita dodo, huota wenyewe pale mbegu zilipopukutika mwaka uliopita. Nakati huinua kichwa. Sukuma wiki iliyokuwa imebaki vijiti hutoa majani mapya. Na juu ya hayo yote, katika mti ulio karibu na jiko, huanza kelele.

Kelele hizo ndizo zilizotufanya tushike kalamu, kwa sababu kila mwaka zianzapo, huanza pia shughuli nyingine. Vijana wenye misumeno na mapanga hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama kuna mti wa kukata. Wenye nyumba huchukua miti mirefu na kuangusha viota, kimoja baada ya kingine, kama watu wavunao maembe. Watoto nao hutengeneza manati. Sisi hatupingi mti kukatwa. Mti uliozeeka, au ulioelemea paa, au ulioingia katika nyaya za umeme, hauna budi kukatwa. Tupingalo ni wakati uliochaguliwa.

Ndege tunaowasema ni kwera, wale ambao Waganda huwaita ndegeya. Msomaji awajua hata kama hajui jina: dume wa manjano mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu, na jike wa rangi ya majani makavu ambaye hakuna amtazamaye. Dume ndiye fundi. Hukata ukingo wa jani la mnazi, la mgomba, la mabingobingo au la mahindi kwa mdomo, kisha huruka nao, na ule ukingo huchanika ukawa uzi mrefu. Kwa nyuzi hizo hufuma kwanza duara kama pete, husimama ndani yake, na kufuma mbele na nyuma yake mpaka kiota kikamilike, mlango ukiwa chini. Hapo huning'inia mlangoni kichwa chini, akipigapiga mabawa, kuwaita majike waje wakague.

Ukaguzi huo si mchezo. Sisi tuliopita katika chuo cha ukadeti twajua ukaguzi wa kitanda na ukaguzi wa viatu, lakini hatujapata kuona mkaguzi mkali kama jike wa kwera. Huingia, huvuta nyuzi kwa mdomo, hutoka, na akienda zake bila kurudi, basi kazi imekuwa ya bure. Kiota kisichotakiwa hukauka na kugeuka rangi ya kahawia, na majike hupenda kilicho kibichi. Kwa hiyo dume mwenyewe hukibomoa akaanza kingine mahali pale pale. Hajapata kuonekana akilalamika kwa mkubwa yeyote.

Jike akikubali, huleta majani laini ya kutandika na kutaga mayai mawili au matatu. Mayai yenyewe ni jambo la ajabu. Jike mmoja hutaga meupe, wa pili ya buluu, wa tatu ya kijani yenye madoa, na kila mmoja hushika namna yake maisha yake yote. Wataalamu wasema kwamba hiyo ni silaha dhidi ya kekeo, ndege ambaye hutaga katika viota vya wengine: jike ajuaye sura ya yai lake hulitambua la mgeni na kulitupa nje. Huyaatamia mayai kwa muda wa siku 12 hivi, na makinda hukaa kiotani karibu wiki tatu. Tangu yai la kwanza mpaka kinda kuruka, basi, ni kama wiki tano. Lakini mti mmoja una familia nyingi, nazo hazianzi siku moja; mti ulioanza kelele mwishoni mwa Machi huenda usinyamaze mpaka Juni.

Ni muhimu pia kujua makinda hao hula nini. Kwera mzima hupenda mbegu na nafaka, na kwa hilo ana kesi ya kujibu, ambayo tutaifikia. Lakini kinda hawezi kukua kwa mbegu peke yake. Hulishwa wadudu: viwavi, panzi, na chochote laini kitambaacho juu ya majani. Bustani iliyo chini ya mti ndilo soko lililo karibu zaidi. Asubuhi moja tulikaa kwenye ngazi ya jiko na daftari ili tuhesabu jike mmoja huleta chakula mara ngapi kwa saa. Tuliacha kabla ya saa kwisha. Macho yetu hayakuweza kumfuata, kwa sababu kila tulipoandika alama moja daftarini, alikuwa amekwisha kwenda na kurudi.

Haya hatukuyajua mwaka 2017, na pengine tungeyajua tusingefanya tulilolifanya. Mwezi wa Aprili mwaka huo tulikuwa tukikaa Jinja, katika nyumba mojawapo ya nyumba kadhaa zilizozunguka uwanja mmoja. Katikati ya uwanja ulikuwapo mjakaranda mkubwa, nao ulijaa viota mpaka matawi yakainama. Mkubwa mmoja, ambaye gari lake liliegeshwa chini ya mti huo, alichoka kulikuta kila asubuhi limepakwa chokaa. Ikatoka amri mti ukatwe. Sisi, kwa kuwa kuandika ndiyo kazi yetu, tuliambiwa tutunge tangazo la kuwaarifu wakaaji.

Tuliliandika vizuri. Tulitaja afya, tukataja usafi, tukataja usalama wa watoto dhidi ya matawi yaangukayo, ingawa hapakuwa na tawi lililokuwa limeanguka. Hakuna mkaaji aliyelalamika, na siku hizo tulilihesabu jambo hilo kuwa ushahidi wa tangazo zuri.

Mti uliangushwa siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Viota vilitawanyika uwanjani kama matunda, na katika vingi vyake mlikuwamo makinda, wengine wasio na unyoya hata mmoja, macho hayajafumbuka. Watoto waliwakusanya katika katoni ya sabuni, wakawapa makombo ya mkate na maji, na mpaka jioni karibu wote walikuwa wamekufa. Wale majike waliokuwa nje wakitafuta chakula walirudi na viwavi mdomoni. Walizunguka hewani mahali palipokuwa na matawi, wakatua juu ya waya wa kuanikia nguo, wakaruka tena, bado wameshika kile kiwavi. Jambo hilo liliendelea mpaka Jumapili jioni.

Mtoto wa jirani, aliyekuwa amejua kusoma mwaka ule ule, alikuja akatuuliza kama ni kweli sisi ndio tulioandika ile karatasi iliyobandikwa langoni. Tulimjibu kwamba tuliambiwa tuandike. Jibu hilo lilikuwa la kweli, nasi hatujapata kulipenda tangu siku ile.

Mwaka huo wa 2017 ndio pia ambao viwavi jeshi vamizi walithibitishwa kuwa wameingia Uganda. (Sisi wa jeshi hatufurahii jina hilo, lakini waliolitunga hawakutuuliza.) Asili ya mdudu huyu ni bara la Amerika. Alionekana Afrika ya Magharibi mwaka 2016, na nondo wake, ambaye husafiri usiku pamoja na upepo, aweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja katika maisha yake mafupi. Mahindi yetu, ambayo yalikuwa mistari mitano tu, yalitobolewa mpaka moyoni.

Hatusemi kwamba viwavi hao walikuja kwa ajili ya mti uliokatwa, la hasha. Waliingia hata katika mashamba yenye miti na ndege tele, na hakuna kwera awezaye kuyazuia majeshi ya namna ile. Tusemalo ni dogo zaidi. Si mahindi tu. Sukuma wiki nayo iliandamwa na viwavi wake wa siku zote, nasi tuliona walikuwa wengi kuliko msimu uliotangulia. Labda ilikuwa bahati mbaya. Tulinunua dawa, tukapiga bomba, tukasoma kwenye chupa kwamba mboga zisiliwe kwa siku kadhaa. Kwa hiyo tukawa twanunua mboga sokoni, wakati zetu zimesimama nyuma ya nyumba, na hizo za sokoni hatukujua zilipigwa dawa siku gani.

Sasa tuifikie kesi ya kwera. Wako watakaosema kwamba twanena kama watu wasiolima, nasi twakubali kwamba bustani ya hatua ishirini si kilimo cha kujivunia. Kwera huchana majani ya mahindi machanga mpaka yabaki kama ufagio. Hula mtama na mpunga. Kule Butaleja, katika mashamba ya mpunga ya Doho, si mbali na Mbale, kuna watoto wakaao shambani tangu alfajiri wakipiga makopo na kupiga kelele ili ndege wasitue, saa ambazo wenzao wako darasani. Mtoto wa namna hiyo hatamwelewa mtu wa mjini aandikaye juu ya ufundi wa kiota, naye ana haki. Kuna tena kwelea, jamaa wa kwera mwenye mdomo mwekundu, atembeaye kwa makundi makubwa yawezayo kumaliza shamba zima la nafaka. Huyo ni mzigo wa Serikali na wataalamu wa kilimo, na katika makala haya hatumtetei.

Lakini bustani ya nyumbani si Doho. Haina mpunga. Ina dodo, nakati, vitunguu, nyanya, kunde, na mistari michache ya mahindi ya kuchoma. Katika vitu hivyo, hasara ya kwera ni majani ya mahindi, na faida yake ni viwavi. Mwenye bustani aweza kuipunguza hasara bila kuipoteza faida, na hilo tulilijifunza Mbale kwa mama mmoja mzee ambaye uwanja wake wapakana na wetu.

Mama huyo ana mti wa mparachichi nyuma ya jiko lake, na kwera huujaza kila masika. Tulimwuliza kwa nini hawafukuzi. Alitutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hafukuzi mvua. Kisha akatuonyesha bustani. Mboga za majani amezipanda chini ya mti na kuuzunguka. Mahindi ameyapeleka mwisho wa uwanja, upande wa pili wa nyumba. Na kando ya mtaro amepanda safu ya mabingobingo.

Mabingobingo hayo hakuyapanda kwa ajili ya ndege. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika katika Mbale, watu zaidi ya ishirini wakapoteza maisha, na maji yaliyopita katika mtaro wake yaliondoka na nusu ya bustani. Yeye alipanda majani ili kushika udongo. Masika yaliyofuata aliona kwamba kwera wamehamia huko kuchana nyuzi zao, kwa kuwa mabingobingo yako karibu na mti kuliko mahindi, na mahindi yake yakasalimika. "Afande," alituambia, "ndege ni kama fundi mwingine. Hataki kwenda mbali kutafuta vifaa."

Tumetembelea maofisi mengi tukisikiliza mipango ya matumizi ya ardhi, na hatukumbuki wengi waliosema jambo kwa ufupi kama huo.

Waliokusudia kuwamaliza ndege kabisa wamekwisha kujaribu, nasi hatuna haja ya kurudia. Mwaka 1958 Serikali ya China, chini ya Mao Zedong, ilitangaza vita dhidi ya maadui wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro aliingizwa kwa sababu ya nafaka alayo. Wananchi walipiga ngoma na masufuria mijini na mashambani ili ndege wasitue, mpaka wakaanguka kwa uchovu. Viota vilibomolewa na mayai yakavunjwa. Wadudu waliokuwa wakiliwa na ndege hao wakaongezeka. Mwaka 1960 shomoro aliondolewa katika orodha, na nafasi yake akapewa kunguni. Wakati huo nchi ilikuwa imekwisha kuingia katika njaa kubwa, ambayo ilikuwa na sababu nyingi, na kuuawa kwa shomoro kulikuwa mojawapo. Sisi humfikiria mara kwa mara yule ofisa, popote alipokuwa, aliyeketi mezani na kuandika matangazo ya kuwahimiza watu wapige masufuria. Bila shaka yalikuwa matangazo mazuri.

Jinja na Mbale si miji midogo tena. Tarehe 1 Julai 2020 yote miwili ilipandishwa kuwa majiji, na jambo hilo limewapa watu hamu ya kujenga. Viwanja vipana vya nyumba za zamani vyagawanywa mara mbili na mara tatu. Ua uliokuwa na majani watandikwa matofali ya saruji mpaka mlangoni, ili gari lisikanyage tope. Twaelewa, tope la masika hatulipendi sisi pia. Lakini kila mti uondokao, kwera wake huhamia mti uliobaki. Mti uliokuwa na viota thelathini huwa na sitini, kelele huongezeka, uchafu huongezeka, na mwenye mti ambaye hapo zamani hakuwa na neno nao huanza kumtafuta mwenye msumeno. Hivyo mti mmoja huuponza mwingine, na mwisho wa mtaa mzima hakuna hata mmoja.

Kwa hiyo tungewaomba wananchi wenzetu, na hasa wale ambao amri zao hutekelezwa, jambo lisilo na gharama. Mti wa kukatwa ukatwe Januari au Februari, wakati wa vumbi, kabla nyuzi za kwanza hazijafumwa. Au uachwe mpaka makinda yaruke. Tawi la kupunguzwa lipunguzwe vivyo hivyo. Mahindi yapandwe mbali na mti na mboga karibu nao. Kipande cha mabingobingo kiachwe kando ya mtaro. Manati wapewe watoto embe za kulenga, na wakiangusha, waruhusiwe kula. Na mwenye gari aliegeshe mahali pengine kwa muda wa miezi mitatu. Gari lina magurudumu, mti hauna.

Mwaka huu tuko Mbale, na katika uwanja wetu kuna tawi moja la mwembe ambalo limeelekea juu ya paa la jiko. Lisipokatwa, siku moja litaanguka na bati. Wiki iliyopita alikuja kijana mwenye msumeno, akalitazama, akataja bei. Tulimwambia arudi Juni. Alisema Juni bei itakuwa imepanda. Tukamwambia tutaongeza. Akasema tena kwamba watu wa serikali husahau, akaomba malipo ya kwanza papo hapo, nasi tukampa, akatuandikia stakabadhi kwenye karatasi ya daftari la shule.

Jana alasiri, kabla ya mvua, tawi hilo lilikuwa na viota kumi na vinne. Kimoja kilikuwa kimegeuka kahawia, na mwenyewe alikuwa akikibomoa.